Kopo la Sarafu za Marehemu



Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia binti mmoja wa mtaa wetu akiwa na kopo la biskuti mkononi. Ndani ya kopo mlikuwa na sarafu 40, zote za Aislandi, kisiwa kilicho kaskazini kabisa mwa bahari ya Atlantiki. Baba yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa meli za kigeni, na kila aliporudi alikuwa na chenji za bandari alizopitia. Za bandari nyingine zilitumika au zilipotea. Hizi alizihifadhi kwa sababu, kama alivyokuwa akiwaambia wanawe, hakuwahi kuona nchi nyingine ambayo pesa zake zote zimechorwa viumbe wa baharini.

Mama yao amekwisha kutoka eda. Madeni ya marehemu yamelipwa, wasia hakuacha, na vitu vyake vichache viligawanywa kwa mwongozo wa kadhi. Likabaki kopo. Warithi ni mjane, wana wa kiume wawili na binti huyu mmoja. Wazazi wa marehemu walitangulia zamani. Kaka mkubwa, ambaye ni hodari wa hesabu, akaona jambo lililomfurahisha. Mjane ana thumuni. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukiitengeneza hesabu hiyo bila vipande, unapata mafungu 40: mama 5, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Na sarafu ni 40! Ilikuwa kana kwamba kopo limejigawa lenyewe.

Ugomvi ulianza kwa picha. Kaka mdogo alipiga picha sarafu moja, ya krona 10 ya mwaka 1987, ambayo tarakimu zake zinaonekana mbili mbili, kama maandishi yaliyovuja kwenye karatasi. Akampelekea mtu mmoja kwa simu, mtu anayejitangaza kuwa mnunuzi wa sarafu adimu. Jibu lilikuja upesi: hiyo ni sarafu ya muhuri uliokosewa, bei yake ni shilingi laki tatu, lakini kabla ya kuuzwa inahitaji cheti, na cheti ni shilingi 15,000 zitumwe leo. Kaka mdogo akataka kukopa. Kaka mkubwa akasema, ikiwa ni hivyo, sarafu hiyo iwe katika zile 14 zake yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimsindikiza baba bandarini. Mama akanyamaza. Binti akalichukua kopo akaja kwangu, akijua kwamba nimekulia katika duka la sonara na lenzi ya marehemu baba yangu ningali ninayo.

Nimemwomba ruhusa niyaandike haya, kwa kuwa si nyumba moja tu yenye kopo la namna hii.

Kwanza tulizimwaga mezani tukazipanga. Mnamo tarehe 1 Januari 1981 Aislandi ilibadilisha pesa zake, krona 100 za zamani zikawa krona 1 mpya, na pamoja na hesabu mpya zikaja sarafu mpya zilizochorwa na msanii Þröstur Magnússon. Nchi ile imeishi kwa uvuvi tangu kale, na kila sarafu ikapewa kiumbe wake wa baharini. Krona 1 ina samaki mkubwa wa maji baridi aitwaye kodi (asichanganywe na ile tunayoilipa serikalini). Krona 5 ina pomboo wawili. Krona 10, iliyotoka mwaka 1984, ina samaki wanne wembamba kama dagaa waitwao kapelini. Krona 50 ya mwaka 1987 ina kaa, na krona 100 ya mwaka 1995 ina samaki mnene wa kuviringana. Hizi mbili zina rangi ya manjano. Zilikuwapo pia senti zao, aurari, ambazo 100 ni krona moja: ya 5 ina taa, ya 10 ina ngisi, ya 50 ina kamba. Aurari ziliondolewa katika matumizi mwaka 2003, kwa hiyo leo si pesa tena.

Upande wa pili wa sarafu mna walinzi wanne wa nchi waliomo katika visa vya wahenga wa Aislandi: joka, ndege mkubwa, fahali na jitu la mlimani. Krona 1 ina jitu peke yake. Kuanzia krona 5 wamo wote wanne. Binti alicheka. Alisema alipokuwa mdogo baba yake alimwambia jitu lile ni nahodha wa meli yao.

Katika kopo la marehemu mlikuwa na sarafu 14 za krona 1, 8 za krona 5, 11 za krona 10, 2 za krona 50, moja ya krona 100, na nne za aurari. Ukijumlisha zile ambazo bado ni pesa, unapata krona 364. Kwa viwango vya miaka ya karibuni krona moja ya Aislandi haiko mbali na shilingi moja yetu ya Kenya. Urithi wote wa kopo, basi, kwa thamani yake ya dukani, unakaribia kilo mbili za mchele wa biriani.

Hapa ndipo ilipoonekana kasoro ya hesabu ya kaka mkubwa. Mafungu 40 ni sahihi, lakini mirathi hugawanywa kwa thamani, na idadi ya vipande si thamani. Anayeangukiwa na sarafu 14 za krona 1 amepata krona 14, na mwenzake akipata zile 11 za krona 10 pamoja na tatu za krona 5, amepata krona 125. Wote wawili wana sarafu 14. Ukigawanya kwa thamani, mama ana krona 45 na nusu, kila mwana wa kiume krona 127 na aurari 40, na binti krona 63 na aurari 70, na aurari hizo, kama nilivyosema, hazitumiki tena hata huko kwao. Hayo yote ni madogo. Ila kama mle ndani mna sarafu moja ya laki tatu, mambo yanakuwa mengine kabisa, na hakuna mrithi mwenye haki ya kuitia mfukoni kwa sababu tu imeangukia katika hesabu yake ya vipande. Kwa hiyo ilitubidi tujue.

Nieleze sarafu inavyozaliwa. Msanii hufinyanga mchoro wake kwa ukubwa, kisha mashine huupunguza hadi ukubwa wa sarafu na kuuchonga juu ya kipande cha chuma kigumu. Hicho tukiite muhuri mama. Picha yake imeinuka kama ilivyo kwenye sarafu. Muhuri mama hukandamizwa juu ya vipande vingine vya chuma na kuacha picha iliyodidimia, na hivyo ndivyo inavyopatikana mihuri ya kazi. Mihuri miwili ya kazi, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo, hukutana kwa nguvu kubwa huku kidonge cha madini kikiwa katikati, na sarafu imepatikana. Muhuri mmoja waweza kupiga sarafu laki kadhaa kabla ya kuchakaa na kutupwa. Nyingi za sarafu hizi za Aislandi zilipigwa katika kiwanda cha Royal Mint kilichoko Llantrisant, Wales.

Kutokana na safari hiyo, msomaji ataona kwamba kila muhuri wa kazi una maisha yake. Mmoja waweza kuwa ulikandamizwa mara mbili bila kulingana barabara, na herufi zake zikawa pacha. Mwingine ulipata ufa. Mwingine ulitoka kwa muhuri mama uliofanyiwa marekebisho, na tarakimu za mwaka zikakaa karibu zaidi na ukingo. Hizo ndizo tofauti za mihuri, na ndizo wakusanyaji wanazozitafuta. Sifa yake kubwa ni kwamba hurudi. Kama kosa limo ndani ya muhuri, basi kila sarafu iliyopigwa na muhuri ule inalibeba, mahali pale pale, kwa umbo lile lile. Jeraha la mfukoni au la barabarani huwa la sarafu moja peke yake.

Watu wetu wa pwani si wageni wa elimu hii. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nyingi hazina mwaka, na maandishi yake ya Kiarabu yamepangwa kwa vina. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina yenye zaidi ya sarafu 2,000 za fedha. Kitu kisicho na tarehe mtaalamu atakipangaje? Njia mojawapo ni kuilinganisha mihuri. Sarafu mbili zenye uso wa muhuri mmoja ni za karakana moja na wakati mmoja, hata kama migongo yake ni ya mihuri tofauti. Na ufa wa muhuri ukiwa mdogo katika sarafu hii na mkubwa katika ile, tunajua ipi ilitangulia.

Nirudi mezani kwangu. Nilianza na sumaku, na ningemshauri kila mtu aanze nayo kabla ya kushika lenzi. Krona 1 ya zamani ilikuwa ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, haivutwi na sumaku. Kuanzia mwaka 1989 ikawa ya chuma kilichopakwa nikeli, na hiyo hurukia sumaku. Krona 5 na krona 10 zilibadilishwa vivyo hivyo kuanzia mwaka 1996. Mizani ndogo ya sonara inathibitisha: krona 1 ilishuka kutoka gramu 4.5 hadi 4, krona 5 kutoka 6.5 hadi 5.6, na krona 10 kutoka gramu 8 hadi 6.9. Hata aurari 50 zimo katika habari hii, kwani ya mwaka 1981 ni ya shaba nyeusi na ya mwaka 1986 ina chuma ndani. Hizi si tofauti za mihuri, ni tofauti za madini, na zimeandikwa katika kila orodha ya sarafu. Nazitaja kwa sababu wapo wanaomwambia mjane kwamba sarafu yake «inanasa sumaku, hii ni adimu», ilhali mamilioni ya wenzake hunasa vile vile. Lakini ukipata sarafu ambayo mwaka wake na madini yake havipatani, kwa mfano krona 10 ya mwaka 1987 inayorukia sumaku, hapo simama uulize.

Ya kaka mdogo haikunasa, na uzito wake ulikuwa gramu 8. Ni ya halali, ya madini yanayostahili mwaka wake.

Kisha lenzi. Lenzi ya sonara inayokuza mara 10 inatosha. Zaidi ya hapo mtu huanza kuona mambo yasiyokuwapo. Taa iwekwe ubavuni, si juu ya kichwa, na sarafu izungushwe polepole chini yake, kwa maana kivuli cha taa moja chaweza kuchora herufi ya pili ambayo haipo. Picha nyingi za simu zinazowasisimua watu ni vivuli tu. Nilimwonyesha binti hilo kwa sarafu nyingine ya kawaida kabisa: nikiiweka hivi, tarakimu ni moja; nikiiinamisha, zimekuwa mbili.

Ila ya mwaka 1987 haikuwa kivuli. Kwa kila upande wa mwanga tarakimu zake zilibaki mbili. Hapa ndipo penye mtego unaowanasa hata wakusanyaji wa miaka mingi, basi msomaji anivumilie kidogo.

Kuna kupacha kwa aina mbili. Kupacha kwa muhuri, kule kunakotafutwa, hutokea kabla ya sarafu yoyote kupigwa, pale muhuri mama unapokandamizwa zaidi ya mara moja juu ya muhuri wa kazi bila kurudi mahali pake sawasawa. Matokeo yake ni herufi mbili kamili, zote zimeinuka, zote za mviringo juu kama zilivyo herufi nyingine, na pembeni, zinapoachana, huonekana pengo dogo kama mkia wa mbayuwayu. Herufi kwa jumla huwa nene kuliko ya kawaida, maana kimeongezeka kitu. Kupacha kwa pili ni kwa mtetemo. Muhuri uliolegea kwenye mashine hupiga, kisha kabla haujaachana na sarafu husogea kidogo na kuikwaruza herufi ambayo imekwisha kuinuka. Haujaongeza kitu; umeibonyeza kingo ya herufi ikawa bapa, kama ngazi ya chini ya mlango. Herufi yenyewe hubaki nyembamba kuliko kawaida. Mtetemo haumo katika chuma cha muhuri, umo katika pigo lile moja, na pigo linalofuata laweza kuwa safi. Sarafu za namna hii zimejaa duniani, na bei yake ni ile iliyoandikwa juu yake.

Nilimpa binti lenzi, sikumwambia kitu. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, «Hii ya pembeni ni bapa, Mwalimu. Na inang'aa kama imesuguliwa.» Nikamwuliza, «Na ile 7, ni nene au nyembamba kuliko ya wenzake?» Katika kopo mlikuwa na krona 10 nyingine mbili za mwaka ule ule. Akaziweka sambamba. «Nyembamba.»

Laki tatu zikaishia hapo.

Yapo mengine yanayofanana na kosa la muhuri, nami nitayapita haraka. Grisi ya mashine huweza kujaza herufi iliyochimbwa kwenye muhuri, na sarafu ikatoka bila sehemu ya herufi; katika sarafu hizi, alama ndogo iliyo juu ya Í ya neno ÍSLAND ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa udogo wake. Ikikosekana, usikimbilie kusema muhuri ulisahau kuichonga. Katika zile za chuma, upako wa nikeli waweza kuvimba vipele vinavyofanana na nukta za ziada. Vipele hivyo havirudi mahali pamoja katika sarafu nyingine. Muhuri uliochoka hutoa herufi zilizovimba na uso wenye chembechembe kama ganda la chungwa. Na ipo mihuri iliyopindana: ishike sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, uizungushe kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Katika sarafu hizi za Aislandi, mgongo unapaswa kuwa wima kama uso. Ukikuta umelala ubavu, hilo ni kosa la kweli, na ni rahisi kuliko yote kulitambua bila lenzi.

Kuhusu alama zilizowekwa kwa makusudi, hizo ni jambo jingine. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 ina herufi H ndogo, ambayo ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Sarafu za Aislandi za zamani, zilizopigwa Copenhagen wakati nchi ile ilipokuwa chini ya mfalme wa Denmark, zina alama ya moyo. Zile za mwaka 1940, Denmark ilipokuwa imetekwa na Wajerumani na kazi ikahamia London, moyo haumo. Asiyejua historia hiyo atadhani moyo umefutika.

Tulipokuwa tukizirudisha sarafu koponi, binti alishika moja ya krona 1 ya mwaka 1981 akasema ina mkwaruzo mgongoni, upande wa samaki. Nikachukua lenzi. Mstari mwembamba kama unywele ulitoka ukingoni ukaenda mpaka mkiani mwa samaki, lakini haukuwa umechimbika, ulikuwa umeinuka. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, hata mkisahau mengine yote. Kisu, msumari na mchanga huchimba bonde juu ya sarafu. Ufa wa muhuri ni bonde katika muhuri, na madini ya sarafu hujaa bondeni mle, kwa hiyo juu ya sarafu huonekana kama mlima. Bonde ni la mtaani, mlima ni wa kiwandani. Sarafu za krona 1 za mwaka 1981 zilikuwa tano koponi. Tukazitazama zote, na katika moja nyingine tukaukuta mstari ule ule, kutoka ukingoni pale pale, ukielekea kwenye mkia ule ule. Sarafu mbili zilizopigwa na muhuri mmoja wenye ufa, zikazunguka mikononi mwa watu wasiowajua, zikakutana tena katika kopo la baharia wa Mombasa.

Kwa pesa hazina thamani ya ziada ya kutajwa. Nilimwambia hivyo wazi wazi, naye hakuonekana kujali.

Sasa nije kwenye mazungumzo tuliyoyafanya siku iliyofuata na warithi wote, mama yao akiwapo nyuma ya pazia la chumba. Kaka mdogo aliuliza swali la haki kabisa: ikiwa mnunuzi yule mwenyewe anasema ni adimu, kwa nini tusimwuzie kwa neno lake? Nilimjibu kwamba mnunuzi anayetaka alipwe na muuzaji si mnunuzi. Mwenye kuitaka sarafu ya laki tatu angekuja mwenyewe na lenzi yake, na gharama ya cheti angeikata katika bei. Wala cheti hakitolewi kwa kutazama picha ya simu.

Akauliza tena, «Na tukimpata mwingine, asiyejua, tukamwonyesha tarakimu mbili tu tukanyamaza?» Kaka yake alimtazama kwa hasira, lakini mimi nilifurahi kwamba amelisema kwa kinywa badala ya kulifanya kwa siri. Sote tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini ilhali juu ni pakavu, na muuzaji akajitetea kwa mvua. Aliambiwa aiweke ile yenye maji juu, watu waione. Muuzaji yule hakuwa amesema uongo wowote. Aliwaachia wanunuzi macho yao wenyewe, akijua hayafiki chini. Sasa sisi tumekwisha kuingiza mkono. Tumeshajua kwamba kupacha huku ni kwa mtetemo. Yeyote atakayeinunua sarafu hii lazima ajue hivyo kabla ya kutoa shilingi yake.

Lipo pia jambo la namna ya kuuza ambalo familia nyingi hazilifikirii. Krona 1, 5, 10, 50 na 100 zingali pesa za watu. Kuzibadilisha kwa shilingi za Kenya ni kubadilisha pesa kwa pesa. Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba pesa za aina mbili hubadilishwa kwa kiwango wanachokubaliana wawili, lakini mkono kwa mkono, katika kikao kimoja. «Chukua leo, nitakutumia Jumamosi» haifai hapo. Aurari, kwa kuwa zimeacha kuwa pesa, ni bidhaa kama vishaufu vya dukani. Mwenye shaka katika muamala wake ampelekee kadhi au shekhe anayemwamini, na ampelekee kabla, si baada.

Na tafadhali, mama na dada zangu, msizisafishe. Nilipomwuliza kaka mdogo kwa nini sarafu ile inang'aa kuliko wenzake, aliona haya akasema aliisugua kwa ndimu na jivu ili picha itoke vizuri. Sufuria huipenda ndimu, sarafu huichukia. Asidi hula ngozi ya madini, na hata ingekuwa adimu kweli, kwa usuguaji ule sehemu kubwa ya thamani yake ingekuwa imeteremka na maji ya sinki. Vumbi likizidi, maji safi na kuikausha kwa kuigonga na kitambaa laini kunatosha. Zitunzwe katika karatasi kavu; hewa yetu ya chumvi ni adui wa zile za chuma, kwani upako ukipata tundu dogo tu kutu huingia.

Warithi walikubaliana hivi. Thamani ya kopo lote ilihesabiwa kuwa shilingi 400, pamoja na aurari, kwa ridhaa ya wote wanne. Binti akaomba alichukue yeye na awalipe wenzake mafungu yao: mama shilingi 50, kila kaka 140, na lake mwenyewe ni 70. Kaka mkubwa alipokea zake akazirudisha kuwa zawadi. Kaka mdogo alizipokea akazitia mfukoni, nayo ni haki yake. Mama alikataa pesa, akaomba apewe krona 5 moja, yenye pomboo.

Jumapili iliyopita simu yangu ililia mapema, kabla sijamaliza chai. Ni binti. Alikuwa amenunua lenzi yake mwenyewe kwa sonara wa Mji wa Kale, amekesha nayo. Zile tatu zilizobaki za mwaka 1981, ambazo mimi nilizipitia kwa haraka kwa sababu magharibi ilikuwa imekaribia, amezitazama upya kwa mwanga wa ubavuni. Katika moja yake, chini ya uchafu ulioganda ukingoni, ufa upo, umeanza tu, haujafika hata nusu ya safari ya kwenda mkiani. «Hii ndiyo kubwa yao, Mwalimu,» aliniambia. «Ilizaliwa kabla ya zile mbili.»